Weka Nyutro, Mama

Mhariri, swali lenu la wiki hii limenikuta kwenye foleni, na mnajua foleni ya wapi. Mmeuliza kama ni haki vituo vya maduka kuendelea kututoza ada ya maegesho wakati nusu ya maegesho yenyewe imezungushiwa mabati kwa ajili ya ujenzi. Jibu langu lilikuwa neno moja: hapana. Nikaanza kuliandika kwenye simu pale Africana, gari limezimwa, vioo vimeshushwa. Mpaka nafika Tegeta lile neno moja limeshazaa, na sasa niko nyumbani, nimevua viatu, naendelea.

Nijitambulishe, maana nina maslahi. Nina duka la vifaa vya ujenzi huku Boko: saruji, nondo, misumari, rangi. Kwa hiyo mtu asije akasema huyu mama hapendi maendeleo. Ujenzi ndio unaosomesha wanangu. Isitoshe sisi wa barabara ya Bagamoyo tumezoea kuchimbwa. Kile kipande cha Morocco hadi Mwenge, kilomita 4.3 tu, ndicho kilichopewa zile bilioni 4 za sherehe za Uhuru mwaka 2015, gwaride likafutwa ili barabara ipanuliwe. Baadaye kikaja kujengwa tena kwa msaada wa Japani, kikapendeza, tukapumua. Halafu ikaja mwendokasi awamu ya nne, njia ya mabasi yaendayo haraka kutoka mjini hadi Tegeta, na mabati yakarudi barabarani. Haya yote nimeyavumilia. Lililonishinda ni tiketi.

Kituo chenyewe sitakitaja. Wa huku mtakijua kwa jinsi kinavyoingiwa siku hizi. Zamani uliingia kwa mbele kama mgeni wa heshima. Sasa unazunguka nyuma, kwenye kichochoro kilichokuwa cha magari ya taka, unaruka kifusi, unakata tiketi getini. Elfu moja kwa saa. Na saa inaanza kuhesabiwa getini, siyo pale unapopata mahali. Kuna siku nimezunguka mle ndani dakika ishirini na tano, nalipia kuzunguka.

Lakini siku yenyewe hasa ilikuwa Jumamosi, mwanzoni mwa Januari. Mama yangu, miaka 74, alikuwa amekuja kutoka Muheza kwa ajili ya macho. Alishapimwa, miwani iko tayari, na duka la miwani liko ghorofa ya kwanza ya kituo hicho hicho. Magoti yake hayataki ngazi, na lifti yeye haiamini. Tukapatana: yeye abaki garini, mimi nipande, nichukue, nishuke. Dakika kumi.

Ndani hapakuwa na nafasi hata ya baiskeli. Shule zinafunguliwa Jumatatu, wazazi wote wa Kinondoni wako pale na orodha za madaftari mkononi. Magari yamepangwa safu mbili, la nyuma limelifunga la mbele. Ndipo akatokea kijana: ndala, kizibao cha riflekta kilichofifia mpaka rangi yake huijui, kitambaa begani. Akapiga boneti langu mara mbili kwa kiganja.

"Mama, njoo, njoo, lete. Kata kulia yote. Vunja. Nyoosha. Rudi, rudi, rudi... basi!"

Nikajikuta nimesimama nyuma ya Prado mbili, nimezifunga zote mbili.

"Hapa si nimewafunga wenzangu?"

"Weka nyutro, mama. Hendibreki usivute. Wakitaka kutoka tunasukuma."

Nikamwambia hili ni otomatiki, ukishazima gia haitoki kwenye P. Akanitazama kwa huruma kidogo. Akasema, "Samahani, bibi," akapitisha mkono mbele ya mama, akaomba ufunguo, akabonyeza kwa ncha yake kijitundu kilichoko kando ya gia. Miaka sita nina IST ile, sikuwahi kujua kile kijitundu kina kazi gani. Gia ikaja mpaka N, laini kabisa. Ufunguo akaurudisha mahali pake, akamwomba mama asiuchomoe, usukani usije ukafunga. Fundi wangu wa Tegeta, anayenila hela kila mwezi, hajawahi kunionyesha jambo hilo.

Nikapanda. Dakika kumi zikawa arobaini, kwa sababu miwani iliyokuwa tayari haikuwa tayari. Niliposhuka, Prado hazipo. Gari langu halipo. Mama hayupo.

Mahali pale pale nilipomwacha pamesimama Noah, ndani yake watoto wanne wanaramba barafu na kunitazama. Nilikwenda mbio kwa mlinzi wa getini kumwambia gari limeibiwa, lakini kilichonitoka mdomoni ni "Wameniibia mama!" Mlinzi akauliza, "Mama yupi?" Kama vile ninao wengi. Nikapiga simu ya mama. Ikaita ndani ya mkoba wangu mwenyewe, maana asubuhi alinipa nimshikie. Nikavua viatu nikakimbia kando ya mabati, na upande wa pili kijiko kinachimba mtaro kwa kelele ambazo hata ungeita jina lako mwenyewe usingelisikia. Mtu mzima, mwenye duka, pekupeku, kimfuko cha miwani mkononi. Nasikia kuna walionirekodi. Kama mmeiona hiyo video, ndiye mimi.

Nikamkuta kona ya pili, nyuma ya jenereta, kwenye kivuli kizuri. Kioo cha mbele kimefunikwa boksi la sabuni lililokunjuliwa, milango yote minne iko wazi, mama ametoa miguu nje, anakula hindi la kuchoma. Kijana amechuchumaa kwenye ukingo wa zege, anamalizia kipande cha pili cha hindi hilo hilo.

"Tumehama mara tatu," mama akanipa taarifa, kama mtu aliyeshuka basi la Tanga. "Mara ya pili walisukuma wanne. Wakaniomba nishuke, nikawaambia mimi sifiki hata kilo hamsini na tano, sukumeni."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumfokea yule kijana. Mama akaniwahi.

"Huyu mtoto umempa nini?"

"Bado, mama."

"Na wale wa getini?"

"Elfu moja kwa saa."

"Kwani wale wa getini wanafanya nini?"

Nikafikiri. Wanatoa tiketi.

Katika dakika zile arobaini mama alikuwa ameshampekua yule kijana mpaka ukoo wake. Kumbe kituo hakimlipi hata senti. Kizibao amenunua mwenyewe. Wako sita, wamegawana kona, na jioni kila mmoja humwachia mlinzi chochote ili kesho yake aruhusiwe kuingia. Kabla ya mabati alikuwa anaosha magari kwa mbele, palipokuwa na maua na vitofali. Na alipoulizwa kama hana kinyongo na waliomfungia mahali pake pa kazi, akamjibu mama: "Bibi, pale mbele hapakuwa pa hawa. Pale ni pa barabara."

Mhariri, maneno hayo nimeyabeba tangu Januari, na ndiyo yaliyonifanya nishindwe kumaliza jibu langu la neno moja. Mnauliza kama ni haki kutoza kwenye nusu iliyobaki. Mimi nauliza ile nusu nyingine ilikuwa ya nani tangu mwanzo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu, yaani ardhi ya serikali kando yake, kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Chukua futi kamba, usimame katikati ya barabara yetu usiku wa manane ukiwa na roho ya paka, upime. Nusu ya mistari myeupe tuliyoiita maegesho, na vitofali vyake, na minazi ya mapambo, imo ndani ya hizo mita. Huku kwetu tuna msemo wa walioifuata barabara, waliojenga ndani ya hifadhi yake, na waliofuatwa na barabara, ambao hifadhi iliongezwa ikawakuta: wa kwanza huwekewa X nyekundu ukutani wakabomolewa bila kitu, na wa pili X ya kijani wakalipwa. Maegesho ya mbele ya maduka mengi yaliifuata barabara, tena kwa maringo. Mkandarasi alipokuja na mabati hakuchukua maegesho ya mtu. Alichukua cha serikali. Kituo kile kilijengwa kikiwa na maegesho pungufu, ila mwenye kujua alikuwa muosha magari peke yake.

Hapo nilitaka nimalizie kwa kumshukia mwenye kituo. Lakini nimeandika hadi hapa ndipo nikakumbuka Fuso zinazoniletea saruji. Zinashushia wapi? Mbele ya duka langu. Wateja wangu wenye Kirikuu wanasimama wapi wakipakia nondo? Hapo hapo. Nami nimemwaga kokoto pale, nimepanda mwarobaini, na kuna kibao kinachosema MAEGESHO KWA WATEJA TU. Ukutani kwangu kuna X. Ya rangi gani, tuyaache.

Kwa hiyo nabadilisha. Watoze.

Msinishangae. Fikiria wasitoze: asubuhi saa moja wafanyakazi wote wa maofisi ya jirani wameshajaza, wanaondoka jioni, na wewe uliyekuja kuchukua dawa unazunguka bure kabisa lakini hupati. Nafasi ikiwa chache, bei ndiyo inayomwondoa aliyeegesha kutwa. Mimi muuza saruji sina haki ya kujifanya silijui hilo. Na mbona mitaani tunawalipa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu mwaka 2021 kwa kumbukumbu namba kwenye simu, na hatupewi kivuli wala mtu wa kusema rudi rudi?

Ila saa ianze kuhesabiwa gari likishasimama, siyo getini. Dakika thelathini za mwanzo ziwe bure kwa anayechukua dawa, miwani au mgonjwa. Na yule anayesukuma apewe sehemu yake, iandikwe kabisa kwenye tiketi. Nikijua hela yangu inamfikia yeye, nitalipa hata elfu moja na mia tano. Au tuseme elfu na mia mbili. Na mwenye kituo kama unasoma, hii siyo ruhusa ya kupandisha Jumatatu.

Najua kuna atakayesema vijana hawa ndio wanaochuna rangi za magari na kukwapua vioo vya pembeni. Inatokea. Langu lenyewe lilitoka na mchubuko kwenye bampa ya nyuma, urefu wa kidole, na sikuusema siku ile kwa sababu mama alikuwa anafungua fundo la khanga. Alitoa elfu tano, akampa kwa mikono miwili. Kijana akasema ni nyingi mno. Mama akamwambia anyamaze.

Getini tukadaiwa elfu mbili. Tulizidisha saa moja kwa dakika nne, na dakika nne zile, kwa hesabu yangu, ni zile nilizokuwa nakimbia pekupeku nikimtafuta mama ambaye wao wenyewe walikuwa wakimwona kutoka kwenye kibanda chao.

Wiki mbili zilizopita nimepita tena. Mabati yamesogezwa ndani zaidi, kona ya jenereta imekuwa mtaro, na kijana simwoni. Niliyemkuta ni mwingine, hata "vunja" hajui kuisema kwa wakati. Aliponiambia niweke nyutro, nikachukua ncha ya ufunguo nikaweka mwenyewe. Mama kila akipiga simu kutoka Muheza anauliza habari za mtoto wake, namwambia hajambo. Miwani yake imelegea mkono mmoja, kwa hiyo mwezi ujao narudi kule kule, na elfu moja yangu nimeshaitenga.

Msomaji wenu, Boko