Kwa Nini Mvua Haijasomba Risasi ya Uani?

SWALI: Uani kwetu Tanga, mwenye nyumba aliyetutangulia alikuwa akivunja betri za magari. Tumepima udongo, ambao ni mwekundu, na majibu yanasema risasi (ile metali ya betri yenye sumu) ni miligramu 620 kwa kilo, kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, ni miligramu 3, na pH, yaani kipimo cha uchachu ambapo chini ya 7 ni uchachu, ni 5.1. Masika 9 zimepita tangu tuhamie. Mbona metali hizi hazijasombwa na maji? Je, nikimwaga samadi ya kutosha nitaweza kupanda mchicha?

JIBU: Ndugu msomaji, risasi haijaondoka kwa sababu udongo wenyewe umeishika, na utaendelea kuishika muda mrefu kuliko umri wa nyumba yako. Mgodi wa risasi na zinki wa Kabwe, Zambia, ulioanza mwaka 1904, ulifungwa mwaka 1994, lakini risasi yake bado imo katika udongo wa juu wa makazi ya watu.

Udongo hushika metali kwa njia zaidi ya moja, na nguvu za njia hizo hazilingani. Chembe za mfinyanzi zina chaji hasi, kwa kuwa madini hayo yalipokuwa yakiumbika, baadhi ya nafasi za silikoni zilikaliwa na alumini, na za alumini zikakaliwa na magnesiamu. Ioni za metali, yaani atomi zake zenye chaji chanya, huvutwa hapo, ila mshiko huo ni mlegevu na kalisi nyingi inaweza kuzing'oa. Udongo mweusi wa mbuga una uwezo mkubwa wa namna hii. Mwekundu kama wako, ambao mfinyanzi wake kwa kawaida ni kaolini, una uwezo mdogo.

Nguvu ya udongo wako imo katika ule wekundu, yaani oksidi za chuma, jamii ya kutu. Juu ya oksidi hizo risasi haivutwi tu, bali hufungamana moja kwa moja na oksijeni ya uso wa chembe, bila molekuli ya maji kubaki katikati, ndiyo maana mvua haiing'oi. Lakini udongo ukiwa mchachu, hidrojeni huzikalia nafasi zilezile. Risasi huweza kuishinda hidrojeni pH ikiwa kati ya 4 na 6, ilhali kadimiamu huhitaji kati ya 6 na 8. Kwa hiyo katika pH yako ya 5.1, kadimiamu, ingawa ni kidogo, ndiyo iliyo huru zaidi kuingia mizizini. Kama kisima chako kina maji ya chumvi, usimwagilie kwayo: kloridi huungana na kadimiamu na kuifanya itembee kwa urahisi zaidi.

Mboji nayo hushika kwa vikundi vya atomi viitwavyo kaboksili na fenoli, ambavyo hukumbatia risasi na shaba kwa nguvu. Samadi itasaidia, basi, lakini iwe imeoza vizuri. Samadi mbichi hutoa vitu vya mboji vinavyoyeyuka katika maji, na metali iliyoshikwa na vitu hivyo husafiri navyo. Tena katika joto la pwani mboji huliwa na vijidudu upesi, kwa hiyo itakubidi uiongeze kila mwaka.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi kuliko mizizi ni tumbo la mtoto. Ukiutikisa udongo kama huu katika maji safi kisha ukayachuja, utapata risasi kidogo mno. Maabara zikiutikisa kwa saa 1 katika kimiminika cha pH 1.5, chenye joto la nyuzi 37 kama la tumboni, sehemu kubwa ya risasi inaweza kuachia. Osha fungu la mchicha katika beseni jeupe, uyamwage maji polepole, nawe utaona mchanga mwekundu uliobaki chini. Huo ndio unaoliwa, pamoja na vumbi la mikononi.

Kwa hiyo usipande mchicha wala mihogo katika udongo huo. Weka chokaa hadi pH ifike karibu na 6.5, funika eneo lote kwa nyasi au kokoto ili vumbi lisiruke, kisha inua matuta yenye kina cha sentimita 30 kwa udongo safi kutoka mahali pengine. Mbolea ya fosfati hugeuza sehemu ya risasi kuwa chumvi isiyoyeyuka, lakini pima aseniki, sumu nyingine, kwanza, kwa sababu aseniki hukaa udongoni ikiwa na chaji hasi, na fosfati huisukuma itoke kwenye oksidi; hata chokaa ikizidi huweza kuilegeza.

Kabla ya yote hayo, chukua sampuli mbili katika kila sehemu, moja ya sentimita 5 za juu na nyingine ya sentimita 20 hadi 30. Ikiwa risasi imebaki juu, kama ninavyotarajia, kuchota tabaka hilo na kulipeleka panaporuhusiwa kutakuwa nafuu kuliko chokaa ya miaka mingi.