Kiwanja cha Nyumbani Humsaidia Mtu Anapokosea

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii liliuliza kama mchezaji wa gofu anayecheza katika kiwanja alichokizoea ana faida ya kweli dhidi ya mgeni, au kama hiyo ni imani tu ya wanachama wanaopenda kujisifia klabu yao. Nimecheza katika kiwanja kimoja cha Nairobi kwa miaka kumi na minane, karibu kila Jumamosi, na jibu langu ni kwamba faida ipo, ila wengi wetu huitafuta mahali isipokuwepo. Utawasikia wakisema kwamba mwenyeji anajua umbali. Siku hizi umbali anaujua kila mtu, kwa kuwa kuna vijitabu vya vipimo, kuna vifaa vya leza vinavyotaja yadi zilizobaki hadi kwenye bendera ya shimo, na kuna kedi, yaani msaidizi anayembebea mchezaji fimbo, aliyekipita kiwanja hicho mara elfu. Kitu ambacho mgeni hawezi kukinunua langoni ni kujua mahali pa kukosea.

Nitoe mfano wa shimo letu la nane. Ni pa 4 isiyo ndefu, yaani shimo linalotarajiwa kumalizwa kwa mapigo manne, na grini yake, ile sehemu ya nyasi fupi inayozunguka shimo, imeinama kutoka nyuma kuja mbele. Bendera ikiwekwa nyuma, mgeni huchukua fimbo ya kumfikisha pale pale, na akizidisha kidogo tu mpira wake hulala kwenye mteremko wa nyuma, ambako hutakiwa kuupiga kwa upole kuelekea bondeni, kazi ambayo hata mchezaji wa kulipwa asingeifurahia. Mwenyeji hupunguza fimbo moja kwa makusudi, yaani huchukua ile inayopeleka mpira karibu zaidi kidogo, mpira ukaishia hatua kumi mbele ya grini, kisha akaupandisha taratibu hadi karibu na shimo. Wote wawili hawakuipata grini kwa mpigo wao wa pili, lakini mmoja ataandika 4 na mwingine huenda akaandika 6. Hesabu ya namna hiyo ikijirudia mara tatu katika raundi ya mashimo 18, mwenyeji ameshinda bila kupiga mpira mmoja bora kuliko mgeni wake.

Nyasi nazo zina siri zake. Viwanja vingi vya nyanda za juu za Kenya vimeoteshwa nyasi za kikuyu, ambazo jina lake limetokana na nchi hiyo hiyo ya milimani na ambazo leo zinajulikana hadi California na Afrika Kusini. Mpira hukaa juu yake kana kwamba umewekewa mto, jambo linalompendeza mgeni mpaka afike karibu na grini na kujaribu kuuburuza mpira chini chini. Hapo nyasi huunasa, nao husimama kabla ya safari kwisha. Mwenyeji hata hafikirii, anaurusha juu. Kuhusu grini zenyewe, kedi wetu mmoja mkongwe huniambia kila mara, “Mzee, hii inateremkia mtoni hata kama macho yanakataa,” na katika miaka yote hiyo nimemshinda labda mara mbili.

Faida hiyo huonekana vizuri zaidi mtu anapoondoka nyumbani. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika hewa nyepesi namna hiyo mpira huenda mbali zaidi, tofauti inayokaribia fimbo moja nzima. Tunaposhuka Mombasa tunapungukiwa shimo baada ya shimo na kulaumu mikono yetu, ilhali wenzetu wa pwani wakija huku huzipita grini na kuingia vichakani. Tena mchezaji wa pwani hana kiwanja kimoja, ana viwili: cha majira ya kusi na cha majira ya kaskazi. Shimo lililochezwa Julai kwa fimbo ndefu, upepo ukimpiga mtu usoni, linaweza kuchezwa Januari kwa fimbo fupi. Kwa hiyo mgeni aliyekwenda kufanya mazoezi wakati wa kusi, akarudi kushindana wakati wa kaskazi, amejifunza kiwanja kingine kabisa.

Kuna wanaojibu kwamba mfumo wa handikapu, yaani idadi ya mapigo anayopunguziwa mchezaji dhaifu ili ashindane sawa na hodari, umelimaliza suala hili. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2020 mfumo wa dunia nzima hurekebisha handikapu ya mchezaji kulingana na ugumu wa kiwanja anachokwenda kucheza, kwa kipimo cha ugumu kinachoitwa mteremko (slope), kinachoanzia 55 hadi 155, huku 113 ikihesabiwa kuwa ugumu wa kawaida. Lakini kipimo hicho hupima kiwanja, hakipimi mazoea. Handikapu hutokana na matokeo 8 bora kati ya raundi 20 za mwisho, na kama raundi zote 20 zilichezwa nyumbani, basi ndani ya namba ile zimo siri zote za shimo la nane. Namba husafiri na mchezaji, siri hubaki. Ndiyo maana katika mechi za kirafiki baina ya klabu nimewaona watu wenye handikapu 9 wakicheza kama watu wa 15, na si haki kuwacheka, ingawa nakiri kwamba tunawacheka.

Hata hivyo faida ya nyumbani ina mpaka, na mashindano ya Kenya Open, ya wachezaji wa kulipwa kutoka nchi nyingi, yanauonyesha. Yalianza mwaka 1967, yamechezwa zaidi katika viwanja vya Muthaiga na Karen hapa Nairobi, na hakuna Mkenya aliyewahi kuyashinda. Aliyekaribia sana ni Jacob Okello, ambaye mwaka 1998 alishindwa katika mchujo wa kuamua bingwa na Ricardo González wa Argentina. Kwa nini wenyeji hawatambi katika viwanja walivyokulia? Sehemu kubwa ya jibu ni ubora wa wageni, hilo halina ubishi. Lakini pia kiwanja cha wiki ya mashindano si kile cha Jumamosi zetu: vianzio, mahali pa kupigia mpigo wa kwanza, hurudishwa nyuma, grini hukaushwa na kunyolewa hadi zikaenda kasi, na bendera huchomekwa katika pembe ambazo mwanachama hajawahi kuziona. Isitoshe, mgeni anaweza kuyakodi mazoea kwa kumchukua kedi wa pale pale Nairobi.

Mpaka wa pili umo ndani ya mchezaji mwenyewe. Rory McIlroy, mchezaji mashuhuri wa Ireland ya Kaskazini, alikulia Holywood, karibu na Belfast, na kiwanja cha Royal Portrush cha huko huko alikifahamu tangu utotoni. Mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka 16, aliweka rekodi ya kiwanja hicho kwa mapigo 61. Mashindano makubwa ya The Open yaliporudi Portrush mwaka 2019, kwa mara ya kwanza tangu 1951, mpigo wake wa kwanza ulitoka nje ya mpaka upande wa kushoto, akaandika 8 kwenye pa 4 na kumaliza siku kwa 79. Siku ya pili alipiga 65, lakini akatolewa katikati ya mashindano kwa kupungukiwa pigo moja. Mashimo mawili mapya yalikuwa yamejengwa kwa ajili ya mashindano hayo, kwa hiyo hata rekodi yake ilikuwa ya kiwanja kilichobadilika, ila shimo la kwanza hakulikuta geni. Alijua mpaka uko wapi kuliko karibu kila mtu aliyekuwa pale. Nadhani wenyeji wengi tunalifahamu jambo hilo kwa kiwango chetu kidogo: mahali tulipowahi kuaibika mbele ya watu hutungoja, na mgeni hupita hapo akiwa hana habari.

Nikiweka yote hayo kwenye mizani, bado nasema mwenyeji wa kawaida, katika siku ya kawaida, anaingia uwanjani akiwa na akiba ya mapigo mawili au matatu. Kwa mgeni anayetaka kuipunguza akiba hiyo, kanuni ya 10.2 haimruhusu kumwomba mpinzani ushauri wa namna ya kucheza, lakini kedi wake anaruhusiwa kumwambia kila kitu, na wengi wetu hupoteza nafasi hiyo kwa kumwuliza yadi tu. Mwaka jana, katika kiwanja kigeni cha pwani, nilimwuliza kedi swali moja kwa kila shimo: watu hupotelea wapi hapa? Kwenye shimo la kumi na moja hakunijibu kwa maneno. Alininyoshea kidole upande wa kulia wa grini, ambako katikati ya nyasi ndefu palikuwa na njia nyembamba iliyokanyagwa vizuri, na hapakuwa na mtu aliyeichonga zaidi ya wageni wanaotafuta mipira yao.

Msomaji wenu, Nairobi