Kwanza uliza maji yanapita wapi

Mhariri, mmeuliza: shule zimefungwa, mvua za masika zimeanza, je, familia ya huku Bonde la Ufa na magharibi ifungashe hema iende mbugani Aprili hii, au ingoje Julai? Na ikienda, iende wapi?

Mimi nasema iende, ila isiende kokote. Watu wengi hupanga safari kwa kuuliza kuna wanyama gani. Mwezi wa Aprili swali hilo lisubiri. Uliza kwanza maji ya mvua yanapita wapi, na udongo wa pale ukilowa huwaje. Ukishapata majibu hayo mawili, mbuga kadhaa zitajiondoa zenyewe.

Sisi wa Nakuru tunaipenda Hell's Gate kwa kuwa iko karibu, na ni miongoni mwa mbuga chache ambamo mtu anatembea kwa miguu au kwa baiskeli katikati ya pundamilia na swala. Ule uwanda wa juu sina neno nao hata kukinyesha. Ninaloliogopa ni korongo la Ol Njorowa. Kuta zake zimesimama wima, na maji yanayolijaza huenda yamenyesha mbali kabisa, wewe ukiwa chini unaota jua. Aprili 2012 vijana saba waliokuwa kwenye matembezi ya kanisa walisombwa humo wakafa. Septemba 2019, mwezi ambao hakuna anayeuita masika, wakafa watu wengine saba. Askari wa mbuga akikuambia leo korongoni hakuingiwi, basi hakuingiwi, hata kama watoto wamelia njia nzima kutoka nyumbani.

Na msinijibu kwamba kambi za kulipiwa pesa nyingi ziko salama. Mei 2024 mto Talek ulivunja kingo kule Masai Mara, ukaingia kwenye kambi za watalii usiku, watu wakaokolewa kwa helikopta. Mto hausomi bei ya chumba.

Ruma, kule bonde la Lambwe, ningeiacha hadi ardhi ikauke. Ndiyo mbuga pekee nchini ambamo bado utamkuta korongo, yule swala mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe, kwa hiyo inastahili safari yake nzuri. Lakini udongo wake mweusi ukilowa hunata hadi gari linasimama, na ukishuka kulisukuma mbung'o wanakusubiri. (Usivae nguo za bluu wala nyeusi huko, ndizo zinazowavuta.) Najua wapenzi wa ndege watanikasirikia, maana mbayuwayu wa bluu hufika Ruma majira haya haya. Hao waende, wanajua wanachokifuata.

Mimi ningeichagua Saiwa. Iko upande wa Kitale, kando ya barabara ya Kapenguria, na ndiyo mbuga ndogo kuliko zote za taifa hapa Kenya: karibu kilomita 3 za mraba tu, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe. Huyu ni swala wa majimaji. Kwato zake ni ndefu na hupanuka, kwa hiyo hatopei, na akishtuka huzama mtoni akaacha pua tu nje. Humuoni ukiwa garini, na hilo ndilo linaloipendeza Saiwa wakati wa mvua: hakuna barabara ya safari ya kukwama. Unaacha gari langoni, unatembea kwenye njia za ubao zilizopita juu ya matope, kisha unapanda jukwaa la mbao ukingoni mwa kinamasi na kunyamaza. Muda wake ni alfajiri, au jioni mvua ikikatika. Kule hakuna simba wala nyati wa kukutia hofu ukiwa na watoto, na juu ya miti mna kima wa De Brazza, mwenye ndevu nyeupe na utepe wa rangi ya chungwa kwenye paji la uso. Watoto hukaa kwa De Brazza kuliko kwa nzohe, kwa kuwa angalau yeye hutikisa majani.

Mjiandae kwa baridi, maana mko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Aprili ni wakati wa kupanda mahindi Trans Nzoia, hivyo tarajieni trekta mbele yenu na tope jekundu barabarani. Watakaotamani kuendelea hadi Mlima Elgon, mapango kama Kitum yanapendeza, ila kupanda Koitoboss, mita 4,222, kungojee kiangazi.

Msitu wa Kakamega unafuata kwa karibu. Mvua ya huko ina ratiba: asubuhi huwa kweupe, mchana mawingu yanajaa, alasiri inashuka. Basi tembeeni saa kumi na mbili asubuhi pamoja na mwongozaji, mle chakula cha mchana mapema, alasiri mkae bandani mkisikiliza. Nasema bandani kwa makusudi. Nchi ile ina radi nyingi, na upande wa Buyangu mna vibanda vya kulala. Mtoto wa miaka mitano hana haja ya kuzoea hema chini ya radi.

Kuhusu hema lenyewe. Lipige mahali palipoinuka, mbali na mti mkubwa. Turubai la chini lisitokeze nje ya hema hata kidogo, la sivyo linakinga maji ya mvua na kuyaleta chini ya godoro. Nguo kavu na unga vitie kwenye ndoo za rangi zenye kifuniko, maana mifuko ya plastiki imekatazwa nchini tangu 2017, na tangu Juni 2020 chupa za maji za kutupa haziingii mbugani. Kuni zitakuwa zimelowa, kwa hiyo beba meko ya gesi. Githeri ichemkie nyumbani. Malipo ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, hufanywa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, si kwa noti langoni. Lipa ukiwa bado mjini, na risiti uihifadhi kwenye simu kabla mtandao haujapotea. Utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa usome siku mbili kabla ya kuondoka, wala usione haya kuahirisha.

Wa Kisumu ambao wana siku moja tu, kisiwa cha Ndere kiko jirani. Muingie botini asubuhi ziwa likiwa limetulia, kila mtu akiwa na jaketi la kuokolea, na mwambieni nahodha mapema kwamba mnarudi kabla ya upepo wa alasiri. Akianza kuwaambia upepo si kitu, tafuteni nahodha mwingine.

Msomaji, Nakuru