Mshale Ulinionya, Nikaamini Namba

Jumapili msomaji mmoja wa Nakuru alinitumia picha ya simu yake inayoonyesha sukari ya damu: 15.8, juu mno, na mshale unatazama juu bado. Chini yake ameandika, "Dada, niongeze uniti ngapi?" Alikuwa amejidunga insulini, dawa ya kushusha sukari, dakika 40 tu zilizopita. Nilishtuka, maana swali hilo niliwahi kujijibu mwenyewe, tena vibaya.

Sisi wenye kisukari tunaovaa kihisi mkononi, kile kinachotuma namba ya sukari kwenye simu, sote tunataka ule mstari wa sukari utulie kama ziwa alfajiri. Mimi nilikuwa hodari wa hilo, sifichi. Kliniki walikuwa wakiniita mwalimu.

Siku niliyokosea nilikuwa Kisumu, tumekula ugali na samaki kule ufuoni Dunga. Nilijidunga uniti 6 kabla ya chakula. Saa moja baadaye simu ikasema 14.2. Nikaona aibu (ndiyo, aibu, mbele ya namba), nikaongeza 4. Insulini ya haraka huendelea kufanya kazi kwa saa 4 hivi, kwa hiyo ile ya kwanza ilikuwa bado mwilini. Nilijua. Kiburi tu.

Saa kumi jioni niko steji ya Kondele, jasho linatiririka, ulimi mzito. Simu: 4.8, mshale wima kuelekea chini. Nikasema 4.8 si mbaya. Makanga akacheka: "Mathe amelewa." Mimi pombe sijawahi kuionja! Neno hilo linaniuma hadi leo. Dada yangu ndiye aliyetoa mkobani mashine ya kupima damu ya kidole. 3.1, sukari imeshuka mno.

Kihisi hakipimi damu. Hupima majimaji ya chini ya ngozi, na sukari hufika huko ikiwa imechelewa dakika kadhaa. Ikiporomoka kwa kasi, namba unayoiona imeshapitwa. Mshale ndio wa kuogopwa. Nilikunywa nusu chupa ya soda, yapata gramu 15 za sukari, tukangoja dakika 15, tukatoboa tena: 4.6. Simu bado ilishikilia 3.6. Ningeifuata ningemaliza kreti.

Kwa hiyo toboeni kidole, jamani. Mwili ukisema hivi na simu vile, toboa. Siku ya kwanza ya kihisi kipya, toboa. Kengele imelia usiku na ulikuwa umeulalia mkono huo? Mkono ukibanwa namba hushuka bure, toboa. Vidonge vya vitamini C vya dozi kubwa navyo hudanganya baadhi ya vihisi, soma karatasi ya boksini. Ila ukitetemeka na mashine huna, kula sukari kwanza. Vijiti vya kupimia damu ni ghali, najua, mimi pia nanunua.

Msomaji wangu nilimjibu: usiongeze sasa, toboa kidole, mpigie daktari wako, uniti siwezi kukupangia. Alikasirika. "Nilidhani wewe ni mtaalamu."

Saa tatu usiku akatuma picha nyingine: 6.3, mshale umelala. Ahsante hakuniambia.