Diski ya nje ikigoma kwenye Linux, usikimbilie kufomati

Kila wanapokuja vijana wa fildi ofisini kwetu, wiki ya kwanza haiishi kabla mmoja hajaniletea diski ya nje mkononi: "Bro, Linux haisomi hii." Huwa namuuliza, haisomi vipi? Taa haiwaki? Inawaka ila diski haitokei? Inatokea ila haifunguki? Au inafunguka vizuri, mafaili unayaona, lakini ukikopi inakata katikati? Hayo ni magonjwa manne tofauti, na dawa ya mmoja inaweza kuwa sumu ya mwingine. Naandika kwa ajili ya wewe ambaye ndiyo kwanza umeweka Ubuntu, Mint au Debian. Makosa mengi nitakayoyataja niliyafanya mimi, na mengine niliyafanyia mali za watu.

Windows imetuharibu kidogo. Ikikutana na diski isiyoielewa, inakuletea kisanduku kuuliza kama uifomati, na mtu mwenye haraka anabonyeza ndiyo. Linux haikuulizi. Inaandika kila kitu kwenye kumbukumbu zake na kunyamaza, kwa hiyo ni kazi yako kwenda kusoma. Kabla hujachomeka diski, fungua teminali (dirisha la kuandikia amri) uandike sudo dmesg -w, kisha ndipo uchomeke huku unaangalia mistari inavyoshuka. Mazoea hayo peke yake yatakutenganisha na nusu ya watu wanaojiita mafundi.

Usipoona hata mstari mmoja mpya, usianze kutafuta draiva (programu ya kuendeshea kifaa). Keneli, yaani kiini cha Linux, haijajua kama kuna kitu kimechomekwa, kwa hiyo tatizo liko kwenye waya, tundu au umeme. Na hapo kwenye waya pana kichekesho. Diski nyingi za nje za inchi 2.5 zina tundu lile pana, lililogawanyika kama vitundu viwili vilivyobanana. Waya wa kuchajia simu za zamani unaingia barabara kwenye kile kitundu kikubwa, na diski inawaka! Inafanya kazi, ila kwa mwendo wa USB 2.0. Andika lsusb -t utazame mwisho wa mstari wa diski yako: ukiona 5000M, uko kwenye USB 3.0, ukiona 480M, umechomeka waya wa simu, au tundu la kompyuta ndilo la zamani. Mteja mmoja alilalamika kwamba Linux ni nzito, video zake zinachukua usiku kucha kuhama. Tulibadilisha waya tu.

Umeme nao. Kwa kanuni, tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, la USB 3.0 hutoa 900. Diski inayozunguka huvuta umeme mwingi zaidi pale inapoanza kuamka, na ikipungukiwa inajaribu, inazimika, inajaribu tena. Utasikia tik, tik, tik. Sauti hiyo inafanana sana na ya diski inayokufa, na nimeshuhudia diski nzima ikiandikiwa cheti cha kifo kwa sababu ya habu (kigawanyio cha matundu ya USB) ya bei chee isiyo na adapta yake. Kabla hujatoa hukumu, chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, tena kwenye matundu ya nyuma kama ni ya mezani, kwa waya mfupi. Zile kubwa za inchi 3.5 karibu zote huhitaji adapta yao, kwa kawaida ya volti 12.

Sasa tuje kwenye ugonjwa ulionichosha kuliko yote. Diski inatokea, inafunguka, unakopi faili dogo linakwenda. Unakopi folda ya harusi yenye giga 60, inafika katikati, inaganda. Kwenye dmesg unakuta maneno uas_eh_abort_handler, kisha reset SuperSpeed USB device, yanajirudia kama kaseti iliyokwama.

Ndani ya kasha la diski kuna kipande kidogo cha saketi chenye chipu inayotafsiri lugha ya SATA, inayotumiwa na diski yenyewe, kwenda USB. Chipu hizo zina njia mbili za kuzungumza na kompyuta: ya zamani, inayopeleka amri moja kisha inasubiri jibu, na mpya inayoitwa UAS, inayopeleka amri nyingi kwa mkupuo. Baadhi ya chipu hujitangaza kwamba zinajua UAS, na kweli zinajua, hadi pale kazi inapozidi. Keneli ya Linux ina orodha yake ya chipu zenye tabia mbaya, lakini makasha mapya yanatoka kila siku, na la kwako huenda halimo.

Dawa ni kuiambia keneli itumie njia ya zamani kwa kasha hilo tu. Andika lsusb upate namba mbili za kasha, mathalani 152d:0578. Halafu tengeneza faili ndani ya /etc/modprobe.d/, uliite uas.conf au jina lolote linaloishia na .conf, na ndani yake uweke mstari huu:

options usb-storage quirks=152d:0578:u

Ile u ya mwisho maana yake ni "achana na UAS". Kwa Ubuntu na ndugu zake malizia na sudo update-initramfs -u, uwashe upya, kisha urudi kwenye lsusb -t. Pale palipoandikwa Driver=uas sasa pasomeke usb-storage. Kama bado inasema uas, umekosea namba. Wengi hunakili za kwangu badala ya kutafuta za kwao. Utapoteza kasi kidogo. Kwa diski ya kuzunguka hutaisikia, kwa SSD, ile isiyo na kitu kinachozunguka, utaisikia. Mimi naona bora punda afike.

Kuna kundi lingine ambalo diski inatokea kwenye lsblk -f (amri ya kuorodhesha diski) lakini haipachikiki, yaani haifunguki ili uone mafaili, na mfumo unatoa ujumbe mrefu: wrong fs type, bad option, bad superblock, missing codepage, or other error. Mgeni akiona bad superblock anatetemeka. Usitetemeke. Ujumbe huo ni orodha ya makisio, kama ramli: imetaja kila kitu ili isikosee. Ukweli uko kwenye dmesg, mistari miwili mitatu ya mwisho.

Kwa wateja wetu, mara nyingi ni NTFS, mfumo wa kupanga mafaili wa Windows. Windows ya siku hizi ikizimwa haizimiki kabisa. Inajilaza ili iamke haraka, na diski iliyokuwa imechomekwa wakati huo inabaki na mambo nusunusu. Linux ikiiona hivyo inakataa kuandika, au inaipachika kwa kusoma tu, na kwa kweli inakulinda. Irudishe kwenye Windows ileile, uitoe kwa utaratibu, au uzime kompyuta huku umeshikilia Shift. Kuna amri ya ntfsfix ambayo watu huitupia kila kitu. Jina lake linadanganya: inarekebisha hitilafu chache tu, inasafisha jarida la mabadiliko la NTFS na kuiachia Windows ukaguzi wenyewe. Itumie kama Windows haipo kabisa na mafaili yameshakopiwa kwingine.

exFAT, mfumo mwingine wa mafaili wa Microsoft, ilikuwa kero, sasa si sana. Microsoft walitoa maelezo yake hadharani mwaka 2019, na toka keneli 5.7 ya mwaka 2020 draiva iliyoandikwa na Samsung imo ndani. Ukikuta mashine ya zamani yenye Ubuntu 18.04 inasema haiijui exFAT, weka exfat-fuse yaishe. Diski za Mac, zenye mifumo ya HFS+ na APFS, ni habari nyingine: HFS+ utaisoma lakini kwa kawaida hutaandika, na APFS keneli yenyewe haina.

Nimeacha kwa makusudi diski inayokufa kweli. Miaka yangu ya mwanzo mama mmoja alileta diski yenye picha za marehemu mumewe. Dmesg ilikuwa imejaa I/O error (hitilafu ya kusoma au kuandika) na mimi, kwa ujuaji, nikaiwekea ukaguzi wa mfumo wa faili usiku mzima ili "ijirekebishe". Asubuhi haikutokea tena. Hakunigombeza, akaichukua akaifunga kwenye khanga akaondoka. Tangu siku hiyo, nikiona I/O error naangalia afya kwanza: sudo smartctl -a -d sat /dev/sdb, na macho moja kwa moja kwenye Current_Pending_Sector na Reallocated_Sector_Ct, hesabu za sehemu za diski zilizoharibika au zinazoshukiwa. Zikiwa na namba zinazopanda, siigusi kwa ukarabati wowote. Naichota yote kwa ddrescue, programu ya kunakili diski yenye hitilafu, kwenda diski nyingine, halafu majaribio yote nayafanyia nakala. Na hakikisha mara tatu ipi ni sdb na ipi ni sdc (majina ambayo Linux huzipa diski), kwa sababu ddrescue haijui huruma ukigeuza.

Usiitoe diski kwenye kasha haraka ukidhani ndiyo njia ya mkato. Makasha mengine husimba data (huigeuza kuwa ya siri) kwenye chipu yenyewe, mengine hubadilisha ukubwa wa sekta, kwa hiyo ukiitoa utaona diski tupu wakati data ipo.

La mwisho ni wakati wa kuchomoa. Mstari wa kukopi ukifika mwisho kwenye skrini, sehemu ya data inaweza kuwa bado iko kwenye RAM inasubiri zamu. Mteja amesimama mlangoni, daladala inapiga honi, wewe andika sync, amri ya kumalizia kuandika data kwenye diski, ukae. Ikirudisha alama ya amri, bonyeza kitufe cha kutoa diski, subiri isimame, ndipo umkabidhi. Nyaya nzuri za diski tunaziweka kwenye kopo lenye utepe wa kijani, na zile za simu tumezihamishia droo nyingine kabisa.