Mteja anadai kwenye boksi kakuta sabuni

Pole sana, dada. Simu ya laki nane umeituma kwa basi kutoka stendi ya Nanenane, na mteja wa Singida anasema kakuta vipande vya sabuni. Usirudishe hela leo, wala usimtukane. Mwombe picha ya boksi na utepe ulivyokatwa, kisha nenda na risiti ofisi ya basi uulize nani kachukua, saa ngapi, kwa kitambulisho gani. IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, uliiandika? Ni tarakimu 15, hutokea ukibonyeza *#06#. Bila hiyo polisi watatafuta simu ipi? Mimi siku hizi nasaini juu ya utepe kwa maka peni, nusu sahihi iangukie kwenye boksi, na narekodi video mpaka karani apokee. Hununa kweli, lakini hupokea.