Mume kapelekwa nje na jeshi la Marekani, kodi ya nyumba inadaiwa

Pole sana dada. Umeandika kwamba mumeo yuko mbali, kodi inadaiwa, Kiingereza kinakusumbua na usingizi huupati. Anzia Army Emergency Relief, shirika la hisani linalosaidia wanajeshi wa nchi kavu na familia zao wanapokwama kifedha. Wanakopesha bila riba, na kuna wakati wanatoa msaada usiorudishwa. Beba kitambulisho chako cha jeshi, ilani ya mwenye nyumba na hati ya uwakilishi aliyosaini mumeo, yaani inayokuruhusu kufanya mambo kwa niaba yake. Hiyo hati ndiyo inayozungusha wake wengi. Ofisi ya sheria ya kambini huiandaa bure.

Halafu piga Military OneSource, huduma ya bure ya msaada kwa familia za wanajeshi, 800-342-9647, hata usiku wa manane, uombe mkalimani. Na huko kukosa usingizi ulikokutaja kwa haraka, kaseme: wana ushauri nasaha wa bure, hadi vikao 12 kwa tatizo moja.